Skuta Mbili za Kwenda Dago

Benchi lenyewe lilikuwa gogo la mnazi lililolazwa juu ya mawe, mbele ya duka lililofungwa, pale njia ya Msambweni inapokata kuelekea pwani. Uhuru ulikuwa umeshafika, bendera imeshapanda, hotuba zimeshasahauliwa, na wanaume wa benchi hili walikuwa wamebakiwa na kazi moja ya kudumu: kuamua mambo ya watu wengine. Alasiri hiyo jambo lilikuwa la Zahoro, aliyekaa pembeni, kikombe mkononi, hanywi. Kesho maji yakijaa, ukoo wake mzima ungehamia dago, kambi yao ya kila mwaka kwenye mchanga wa Funzi: wanaume wavue, wanawake wakaushe samaki, watoto wacheze mpaka shule zifunguliwe. Nyuma ya mlango wa nyumba yake zilisimama skuta mbili za mbao alizowachongea watoto wake wawili: ubao wa kusimamia, usukani, gurudumu la beringi mbele, jingine nyuma, mguu mmoja juu, mwingine unasukuma. Mwaka huu surua ilipita mtaani. Tumu, binti yake, aliugua akainuka. Haji, kaka yake, walimzika. Skuta zilibaki mbili.

— Usijiumize kichwa, Zahoro, alianza Mwinga, ambaye walimwita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha gurudumu la lori la miwa dereva akiwa amelala. Hili si jambo la moyo, ni jambo la beringi. Beringi na chumvi havikai nyumba moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini? aliuliza Iddi huku akimimina.

— Cha kutu.

Iddi aliuza kahawa na kutoa fatwa, kahawa kwa senti, fatwa bure. Ndiyo maana akaitwa Kadhi.

— Mwaka jana walikwenda nazo, alisema Zahoro. Maji yakitoka, mchanga wa kule unakuwa mgumu kama sakafu. Walikuwa wanashindana mpaka kwenye mikoko.

— Gentlemen, principle hapa ni moja tu: friction.

Huyo alikuwa Chirau. Walimwita Makerere. Alikuwa amerudi na digrii na suti. Digrii iliambiwa isubiri, suti ikaendelea kuvaliwa.

— Frikisheni ndiyo nini? aliuliza Mwinga.

— Ni kile kinachomzuia mtu asisonge mbele hata akisukumwa.

— Si useme serikali, basi, tukuelewe.

— Serikali ina mteremko pia. Wao wanateremka, sisi tunakwama.

Zahoro hakucheka. Alikuwa amekuja hapa kwa sababu nyumbani hapakukalika.

— Mama Haji anasema zikienda zote mbili, atakwenda. Ikienda moja, habanduki kitandani. Kakangu Jumbe naye hataki hata moja. Anasema watu wanakwenda kazini, msiba haupakiwi chomboni.

Hakuna aliyekuwa amethubutu kuanza kumwita yule mama kwa jina la Tumu.

— Kisheria, alisema Iddi, kitu cha marehemu kinatolewa sadaka. Mpe yatima.

— Yatima anataka ugali, Kadhi, alisema Mwinga. Skuta ataila na mchuzi gani?

— Basi sikilizeni, alisema Iddi. Chombo kikikosa mpandaji, hujipatia mpandaji. Funzi kuna wenyewe, wasioonekana. Mtaamka asubuhi mkute alama za magurudumu mchangani, za nyayo hakuna. Wallahi.

— Superstition, ami, kwa heshima zote, alisema Chirau. Huo ni upepo. Tena umenipa wazo. Tuzifunge vitambaa juu, upepo uzisukume zenyewe. Wazungu wa hoteli za Diani watavuka kuja kutazama. Hii ni industry. Nitaandika proposal.

— Utaipeleka wapi? aliuliza Iddi.

— Kule kule ninakosubirishwa.

— Afadhali ya kwangu, alisema Mwinga, akisogea. Zikate usukani, uziunganishe ubavu kwa ubavu. Magurudumu manne. Huo ni mkokoteni wa kubebea samaki. Mbili zikiwa moja, hakuna atakayehesabu.

Kwa mara ya kwanza Zahoro aliinua macho. Wazo lilikuwa na utamu wake. Aliliona lile gari, aliona samaki ndani yake, akaona mkewe akilisukuma bila kulitambua. Kisha akauona msumeno.

Mwinga alimwona anayumba, akataka kumsaidia kwa methali.

— Na wewe unajua, ndugu yangu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Methali hiyo ni ya mtu aliyechelewa pilau. Mwinga aliitupa makaburini. Vikombe vya Iddi viliacha kugongana.

— Mwinga, meza mate, alisema Iddi taratibu.

— Sikukusudia, Zahoro.

— Najua.

Zahoro akageuza kikombe mkononi.

— Na nikichukua moja, nichukue ipi? Nilizichonga kwa ubao mmoja, sawasawa, wasije wakagombana. Ya Haji siijui.

— Tazama iliyolika upande, alisema Mwinga kwa sauti ya chini. Kila mtu ana mguu wake.

— Walikuwa wanabadilishana.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni mmoja, Ngala, mchimba visima kutoka Kaloleni, aliyesimama kupata kahawa akimngoja mwenzake. Alikuwa ametoa salamu akaitikiwa, kisha akasahauliwa.

— Samahanini wazee wangu, alisema. Mimi mpita njia. Huyo mtoto aliyebaki, mwenyewe anasemaje?

Iddi alichungulia ndani ya dele la kahawa kana kwamba jibu limezama humo. Chirau alifungua mdomo kwa Kiingereza, hakukuta kitu. Akajaribu Kiswahili, nako kutupu.

Zahoro alijaribu kukumbuka. Tangu mazikoni Tumu alikuwa ameambiwa: kula. Lala. Nyamaza, usimlize mama. Sogea, wageni wakae. Yote aliyatii, na wanawake wa matangani walimsifu kwa utiifu wake. Kuulizwa, alikuwa ameulizwa na nani?

Akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa imejaa vilevile, akamshukuru mgeni, akashika njia ya nyumbani. Alikwenda akilipanga swali mdomoni, kwa maneno haya, kisha kwa maneno yale, polepole, kama mtu anayejifunza lugha. Kila alipolifikisha mwisho, lilikuwa limegeuka amri.