Baba Ndani, Mwuza Mikate wa Salamabila

Mheshimiwa padri, mheshimiwa imamu, wakwe zetu wa Kasongo mlioketi mkono wangu wa kulia, ndugu zetu wa Wamaza mlioketi mkono wa kushoto, nanyi wachimbaji mliotoka Salamabila kwa pikipiki na bado mna matope magotini, mimi ni Véronique, dada anayemfuata marehemu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu wanasema nina sauti, ingawa yeye mwenyewe alizoea kuiita kelele.

Kaka yetu Célestin Musafiri alizaliwa Wamaza, teritwari ya Kabambare, tarehe 12 Machi 1976, mtoto wa tatu wa hayati baba yetu Roger na hayati mama yetu Mathilde. Alianza shule ya msingi palepale Wamaza mwaka 1982, akaimaliza mwaka 1988, si kwa sifa kubwa, maana zaidi ya mara moja aliadhibiwa kwa kula katikati ya hesabu, akiwaomba wenzake kipande cha muhogo ili akijaribu na karanga zake, karanga na ndizi, ndizi na pilipili, akitaka kujua vinapatana namna gani mdomoni. Sekondari aliisomea Kasongo hadi mwaka 1992, baba alipofariki na karo ikakosekana, ndipo akaingia kwa mwokaji mmoja aliyeitwa Michel, mwenye tanuri la matofali nyuma ya soko, akakaa naye miaka kumi na miwili, na hata katika miaka ile ya vita, unga ulipopatikana, walioka.

Mwezi wa nane mwaka 2004 alipanda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na kikapu cha mikate kichwani, na tarehe 17 ya mwezi huo ikatokea ile ajali ambayo wachimbaji mliopo hapa mnaisimulia kila mmoja kwa namna yake, lakini mimi nitaisoma jinsi ilivyokuwa. Kwenye shimo moja, wapishi walikuwa wanateremsha sufuria ya maharagwe kwa kamba iliyochakaa, na vijana wawili wenye panga walikuwa wameambiwa wangoje sufuria ifike chini, wasikie amri, ndipo waikate kamba hiyo itupwe. Kaka yangu, mgeni asiyejua lolote, akafika nyuma yao akitangaza biashara yake kwa nguvu zote, "Mukate! Mukate!", na ninyi wote mnajua kwamba kwetu neno hilo ni chakula, na pia ni amri kwa watu zaidi ya mmoja wenye kitu cha kukatia mkononi. Vijana wakatii. Namshukuru Mungu kwamba chini hapakuwa na mtu bado, kilichoumia ni maharagwe.

Mkubwa wa shimo, Bwana Ushindi, ambaye namwona pale akicheka kabla sijamaliza, alitaka kukichukua kikapu chote, lakini kaka aliifungua mikate kwa vidole gumba, akachota maharagwe yaliyobaki kwenye sufuria nyingine ya wapishi, akayajaza ndani. Msichana aliyekuwa akiuza avoka, yaani maparachichi, pembeni, jina lake Aïcha, akamrushia avoka zake na pilipili, kwa huruma, tunavyosema sisi, ingawa yeye mwenyewe husema alitaka tu kuona mwisho wa mjinga huyu. Wanaume wakala, mpaka mmoja akauliza, "Weye, ndani uliweka nini?", na tangu siku ile hakuna mtu Salamabila aliyemwita Célestin, aliitwa Baba Ndani.

Marehemu alifunga ndoa na Aïcha, binti wa Mzee Ibrahim, tarehe 8 Julai 2006 hapa Kasongo, mbele ya afisa wa serikali, kila mmoja akibaki na dini yake. Ni lazima niseme kilichotokea siku ile, kwa maana ndicho kilichotuketisha pande mbili leo. Wajomba zetu wa Wamaza, kwa moyo mweupe kabisa, walileta zawadi ya nguruwe pori aliyekaushwa kwa moshi, wakaitua jikoni kwa wakwe, juu ya vyungu vyao. Basi. Kuanzia hapo yakawa majiko mawili, kwenye ubatizo majiko mawili, kwenye Idi majiko mawili, na wazee wetu wawili, Mzee Ibrahim na baba yetu mdogo Muzaliwa, wakawa wanasalimiana kwa adabu kubwa na kila mmoja anakwenda kula kwake. Jambo hili lilimuuma kaka yangu kuliko yote, naye hakuficha.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Dieudonnée aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2007 na sasa anasomea uuguzi, Mathilde wa tarehe 19 Januari 2010, na Nsimire wa tarehe 30 Novemba 2014, aliyerithi mdomo wangu.

Kazi yake sasa mnaijua, lakini wengi hamjui ilivyomsumbua. Alisema mara nyingi, "Mukate muzuri ni ule kila mutu anaweka mukono bila kuuliza kwanza iko nini." Kwa hiyo akaondoa nyama ya kopo, akaondoa soseji, na siku za Kwaresima akaondoa hata mbuzi, akajaribu hiki na kile, Aïcha akionja na kutema, hadi mwaka 2011 alipopata samaki wa moshi kutoka Nyangwe, akamchemsha kidogo, akamchambua miiba yote, akamchanganya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi na ndimu. Mkate uwe wa asubuhi ileile lakini umepoa, avoka ipakwe kwanza pande zote mbili ili majimaji ya samaki yasilowanishe mkate, pilipili ikae katikati, pale ulimi unapoikuta ukiwa umeshazoea utamu. Mayoneze aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani mwizi. Mwislamu alikula, Mkatoliki alikula Ijumaa, Mprotestanti alikula na kurudi. Wakwe nao waliupenda, na sisi tuliupenda, ila tuliula kwenye sinia mbili.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na tension, yaani shinikizo la damu, akakatazwa chumvi, akaonja chakula cha hospitali na kumwambia daktari, "Docteur, hii haiko chakula, iko adhabu." Tarehe 28 Septemba 2024 alianguka mbele ya meza yake, vijana wakamleta Kasongo kwa pikipiki, wakimshika mbele na nyuma, na madaktari wakapigania uhai wake kwa siku nane. Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 2024, akiwa na miaka arobaini na minane. Tumeumia sana. Nilimpenda, na kila siku nikiamka namtafuta mtu wa kunitania simwoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Salamabila waliolinda nyumba, Bwana Ushindi na wachimbaji waliobeba jeneza, padri na imamu waliokubaliana saa bila kusukumana.

Imebaki haja yake moja, aliyomwambia Aïcha kitandani, kwamba kwenye kilio chake pawe na sinia moja tu. Aïcha na binti zake wameamka kuoka, sinia ni ile pale mezani, na hakuna chakula kingine kilichopikwa, nimekagua majiko yote mawili mwenyewe. Karatasi yangu iliishia hapa, lakini naona Mzee Ibrahim amesimama, na baba mdogo Muzaliwa anatafuta fimbo yake, jamani mpisheni. Wamefika. Wanabishana nani aanze. Mzee Ibrahim ameumega mkate, nusu kubwa amempa baba mdogo, na baba mdogo ametia mdomoni bila kuuliza.

Kaka, umesikia kimya hicho? Ni watu wako wanatafuna. Pumzika kwa amani.