Risala ya Kumwombea Soksi, Mbwa Aliyeruka Ukuta

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mji, Bwana Afya, mwalimu mkuu wa chekechea, jirani yetu, wazazi na majirani mliokubali kusimama karibu na mbwa:

KARIBU

Tunakushukuru kwa kufika. Kiti chako tumekiweka mbali kidogo na vizuizi, na mbwa wote wamefungwa kamba. Tumezikagua kamba hizo mara tatu. Utuwie radhi tukionekana watu wa wasiwasi. Tunao kweli.

TULIVYOANZA

Mwanzilishi wetu ni Shangazi, mfuaji wa mashuka hospitalini. Ndiye yule aliyesimama mwisho kabisa na mbwa mweusi mwenye miguu myeupe. Mbwa huyo ndiye Soksi.

Shangazi aling'atwa na mbwa utotoni, na hadi utu uzima wake akimwona mbwa alivuka barabara. Kisha asubuhi moja, ndani ya kapu la mashuka machafu, akakuta kitoto cha mbwa kikitetemeka. Alikilea kwa woga, akikilisha kwa mwiko mrefu. Kilipokua kikawa hakitulii, kinatafuna hata miguu ya meza. Mlinzi mstaafu tunayemwita Afande akamwambia, "Mbwa huyu hana ubaya, hana kazi. Mpe kazi."

Kazi yenyewe ni hii unayoiona: mbwa anaruka vizuizi, anapita kwenye handaki na kupenya kati ya vijiti, huku mwenyewe akikimbia kando yake kumwongoza.

TULIPOFIKIA

Mwalimu hatukuwa naye. Mwenzetu seremala alitengeneza vizuizi kwa chaga za vitanda vibovu. Handaki tulilishona kwa turubai na ringi za baiskeli. Tulianza na fimbo iliyolazwa chini, maana mbwa ambaye mifupa yake haijakomaa harushwi juu. Dakika kumi za mazoezi, kipande kidogo cha nyama, kisha kupumzika.

Siku za kwanza Shangazi alipiga kelele, "Ruka, mwanangu, ruka!" na Soksi akaketi kumtazama.

"Shangazi, umemleta kuruka au kusikiliza hotuba?" seremala akamtania.

"Kaa kimya wewe! Wako si yule anakoroma handakini?"

Afande ndiye aliyegundua tatizo. "Mbwa hafuati mdomo wako. Anasoma bega na mkono. Mkono ukielekea kule, naye kule."

Tangu hapo tukafundisha kwa mkono. Soksi akaweza kumaliza mzunguko bila kuangusha fimbo hata moja, na Shangazi akaacha kuvuka barabara.

KOSA LETU

Juma lililopita Bwana Afya alikuja kukagua uwanja. Soksi alikuwa amefunguliwa kamba, akingoja zamu yake. Bwana Afya, kwa haki kabisa, alituambia tukae mbali na chekechea, akanyoosha mkono kuuonyesha ukuta unaotutenga nayo.

Soksi aliuona mkono. Alitoka mbio, akauruka ukuta, akatua katikati ya watoto waliokuwa wakicheza.

Watoto walitawanyika wakilia. Mmoja alijikwaa, akachubuka goti. Tulipofika, Soksi alikuwa ameketi chini ya ukuta, mkia ukifagia vumbi, akisubiri kipande chake cha nyama. Hakumgusa mtu.

Bwana Afya hatumlaumu; angejuaje? Ni sisi tuliomfundisha mbwa kufuata mkono, tukasahau kumfundisha afuate mkono wa nani. Mtoto na mama yake tumekwenda kuwaomba radhi.

HOFU YETU

Barua ilikuja kutoka ofisi yako: Soksi auawe Ijumaa. Ijumaa ni kesho.

Tangu siku hiyo Shangazi hufunga mlango wake na kuuwekea beseni la maji kwa nyuma. Akisikia viatu kwenye ujia, humfumba Soksi mdomo kwa kiganja. Kazini hukunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena. Jana alituuliza kwa sauti ya chini, "Hivi hao wanaokuja huvaaje? Nijue wa kumfungulia na wa kutomfungulia."

Na kuna jambo lazima tulikiri. Bega lake linatetemeka, na Soksi anasoma bega. Jana alifika kwenye fimbo ya chini kabisa, akasita, akarudi kujificha nyuma ya gauni. Tulikusudia akuonyeshe utii wake leo. Sasa hatujui utaona nini. Ukimwona anagoma, tafadhali usidhani ni ukaidi.

MAOMBI

Tunaomba mwezi mmoja. Tumekwisha kuanza: mtu ambaye mbwa hawamjui hunyoosha mkono, na mbwa anayebaki palepale ndiye anayepewa nyama. Kamba haifunguliwi tena mpaka mwenyewe awe ameshika ukosi, na seremala ataongeza ukuta kwa mbao, chekechea ikituruhusu.

Ombi la pili ni la Shangazi. Afande alitaka tuandike kwamba tutaisubiri busara yako. Shangazi akasema, "Futeni hapo. Mimi kusubiri nimeshindwa." Kwa hiyo tunaomba utujibu leo, papa hapa. Likiwa jibu la kheri, tutashukuru. Likiwa jingine, mwambie sasa, sote tukiwa tumemzunguka, asije akalipokea kesho kwa hodi ya mlangoni, akiwa peke yake.

Mungu akurudishe nyumbani kwako salama, na ukute wote uliowaacha.

Ni sisi, Kikundi cha Mazoezi ya Mbwa, Uwanja wa Nyuma ya Ghala: watu kumi na wanne na mbwa tisa, ambao hadi asubuhi hii wote wapo.