Mbeleko Iliyokaa Sandukuni

Ndugu waombolezaji, mimi Nathanaeli, mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwaeleza alivyoishi dada yetu Raheli Melkizedeki, aliyezaliwa Misigiri, wilayani Iramba, tarehe 14 Machi 1957, wa tano kati ya watoto tisa, akasoma Shule ya Msingi Ulemo hadi darasa la saba mwaka 1971, na mwaka 1979 akaajiriwa kuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya, akibeba watoto wa wenzake mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Antipasi Kefa, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa Ezekieli, Rebeka na Gerald, ambao aliwahimiza wasome kwanza, uzazi upo tu, nao wakamtii kupita alivyotaka. Rebeka alipoolewa mwaka 2016, akiwa na miaka thelathini na miwili, mama yake alishona mbeleko ya kitenge akaiweka sandukuni, na kila Krismasi alipowauliza wanawe habari za wajukuu aliambiwa bado wanajipanga, mara shahada, mara kazi ya mkataba, mara kodi ya nyumba Dodoma, naye akiwajibu kwamba wajipange tu, yeye yuko kwenye foleni nyingine, ya kaburini. Utani huo ulikuwa wa mdomoni, jamani, maana mabinti wa jirani walipojifungua aliwashonea mbeleko nyingine, akawapelekea, akarudi nyumbani kwenye ile iliyobaki sandukuni.

Mwezi Mei 2025 alipatwa na kiharusi, akatibiwa Singida mjini, na alfajiri ya tarehe 3 Novemba akafariki dunia. Jana, akina mama walipotaka kuiweka ile mbeleko ndani ya jeneza, Rebeka aliishika akakataa kuiachia, ndipo alipotuambia kwamba ana mimba ya miezi mitano. Alikwisha kupoteza mimba mbili, na kwa desturi yetu ya kutotangaza mimba changa alimficha hata mama yake, akipanga aje Krismasi mama ajionee mwenyewe. Dada ameondoka bila kujua, na hilo linatuuma sana.

Hapa ndipo huwa tunataja wajukuu. Raheli hakumwona hata mmoja, na msalaba wake, ambao kwetu hubebwa na wajukuu, utabebwa na watoto wa majirani, wale waliobebwa kwa mbeleko alizoshona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani na kumnywesha uji, pamoja na wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao hawakumsahau.

Dada Raheli, pumzika kwa amani. Mbeleko hatutaifukia.