Mwalimu Tseng Pi-hsia na Neno la Siri la Watu Wote

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tseng Pi-lan, mdogo wake marehemu, yule wa duka la wali na bata bukini mkabala na soko la Siluo. Shemeji aliniomba niandike wasifu huu kwa upole. Nimejaribu. Pale niliposhindwa mnivumilie, maana aliyelala hapa mbele hakupenda mtu kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwalimu Tseng Pi-hsia alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 mjini Siluo, Yunlin, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Tseng Tien-fu, mtengenezaji wa mchuzi wa soya, na marehemu mama Liao A-man. Tulikulia katikati ya mitungi ya maharage meusi. Alikuwa mdadisi kupita kiasi. Akiwa darasa la pili aliifungua redio ya baba aone watangazaji wanakaa wapi, akachapwa. Kesho yake akaifungua tena, eti jana hakumaliza kuangalia.

Alisoma shule ya msingi Siluo na sekondari ya wasichana Huwei, kisha mwaka 1985 akahitimu uhandisi wa kompyuta huko Taichung. Alifanya kazi kiwandani Hsinchu kwa miaka michache, ikamchosha. Mwaka 1989 alianza kufundisha katika shule moja ya ufundi hapa Douliu, na hapo ndipo maisha yake yote yalipopita.

Mwaka 1990 aliolewa na bwana Lai Chin-sheng, fundi wa reli, huyu aliyekaa hapa kwenye kiti cha mbele. Siku ya kutambulishwa ukweni, shemeji alijigamba kwamba kadi yake ya benki hakuna wa kuijua namba. Dada akaitaja hapohapo mezani: ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe. Mama mkwe akaweka vijiti chini akasema, "Huyu aolewe haraka. Akibaki nje atatuibia wote." Walijaliwa mtoto mmoja, Lai Po-wei.

Sasa nafika kwenye kazi yake, na hapa sitakimbia. Alifundisha mitandao ya kompyuta, namna wadukuzi wanavyoingia, na namna ya kulinda taarifa za watu. Wazazi wengine walimwogopa, wakisema anafuga wezi. Yeye aliwajibu kwamba fundi wa kufuli asiyejua kufuli linavyovunjwa atakuuzia bati.

Novemba 2014 taarifa za siri za wanafunzi wa shule hiyo zilimwagwa mtandaoni: nani anapewa msaada wa chakula, nani anaonwa na mshauri na kwa sababu gani. Mji mzima ulisoma. Kuna binti aliacha shule kwa aibu, na hakurudi tena. Watu walitaka mtu wa kubeba lawama, na aliyekuwa karibu alikuwa Yen Yu-chieh, mwanafunzi wa dada, msichana wa miaka kumi na saba, bingwa wa mashindano ya kudukua ya shule za ufundi. Mama yake alikuwa mfua nguo wa hotelini, hana wa kumsemea.

Yu-chieh na mama yake waliitwa kikaoni shuleni, mbele ya walimu. Polisi alikuwa amekaa mlangoni na karatasi zake tayari. Yu-chieh akishatia sahihi kwamba amekiri, shule basi, na kesi inaanza. Mkuu wa nidhamu, Bwana Hsiao, akaandika ubaoni neno la siri lililofungulia mtambo wa taarifa: ji32k7au4a83.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Hili ni neno la kukisia hili? Mimi hata kulisoma siwezi! Aliyelipata ni mdukuzi, na mdukuzi tuliye naye hapa ni mmoja."

"Mwanangu hajafanya," mama yake akasema. "Jamani, hajafanya!"

"Mama, kila mzazi husema hivyo."

Yu-chieh alikuwa ameshashika kalamu. Dada aliniambia baadaye kwamba alipoliona lile neno ubaoni alilitambua papo hapo.

Waliokulia hapa wanajua vitufe vya kompyuta zetu vina alama za aina mbili: herufi za Kizungu, na alama za sauti zetu, zile tunazofundishwa tukiingia darasa la kwanza. Ukisahau kuibadili mashine ukaandika kwa lugha yetu, hutoka vurugu ya herufi na namba. Bwana Hsiao anajua. Mkuu wa shule anajua. Ila siku ile kila mtu alikuwa na hasira na hakuna aliyefikiri.

"Mkuu," dada akamwambia mkuu wa shule, mzee Shih, "nakuomba uandike kitu kwenye kompyuta hiyo ya projekta, sote tuone ukutani."

"Mwalimu Tseng, huu si muda wa somo."

"Maneno manne tu. Andika 'neno langu la siri'. Kwa lugha yetu, kama unavyoandika nyumbani. Mashine iache kwenye herufi za Kizungu."

Mzee Shih akagonga kwa vidole viwili. Ukutani ikatokea j, ikatokea i, ikatokea 3. Alipofika katikati polisi alikuwa amesimama. Alipomaliza, lilelile la ubaoni lilikuwa ukutani, herufi kwa herufi.

"Mungu wangu," mzee Shih akasema. "La benki yangu ni hilihili."

"Na la watu wengi tu hapa kwetu," dada akasema. "Kila mmoja anadhani amelibuni peke yake. Mdukuzi yeyote huanza nalo. Halimwonyeshi Yu-chieh wala mtu mwingine."

Hapo angeweza kukaa. Naapa angeweza! Msichana alikuwa ameshapata pa kupumulia, na jina la dada lilikuwa limekwisha kupelekwa juu apewe ukuu wa idara. Lakini Bwana Hsiao alikuwa ameaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kuaibika naye. Akapiga meza.

"Basi niambieni, mjinga gani aliweka neno kama hilo kwenye mtambo wa shule?"

Aliyejua alikuwa mmoja tu. Ule mtambo ulisimikwa miaka minane nyuma, aliyeusimika aliweka neno la muda, akakusudia kulibadilisha, akasahau. Halafu akaendelea kufundisha watoto wa watu namna ya kulinda siri.

"Mjinga ndiye mimi," dada akasema. "Mtoe huyo mtoto kalamu mkononi."

Walimtoa kalamu mkononi. Dada naye wakamtoa darasani. Alipelekwa stoo ya vifaa akahesabu nyaya miaka miwili, na ukuu wa idara akapewa mwingine. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa wanafunzi waliodhurika. Wengine walimfungulia, wengine walimfungia mlango usoni, na baba wa yule binti aliyeacha shule alimtemea mate. Dada hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, tena kwa sauti, na Bwana Hsiao hadi leo hapiti mbele ya duka langu. Aliyemwaga taarifa alikamatwa mwaka uliofuata, mtu mzima wa mbali asiyemjua hata mmoja wetu.

Alirudishwa darasani mwaka 2016. Siku ya kwanza ya kila mwaka aliliandika lile neno ubaoni na kuwaambia wanafunzi, "Hili lilikuwa langu," kisha akawasimulia habari ya yule binti.

Juni 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hapa Douliu, akiuguzwa na mumewe na mwanawe. Siku za mwisho koo lilikuwa na mrija, hakuweza kusema. Alifariki dunia tarehe 14 Januari 2023, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Simu yake ilibaki imefungwa, na tarehe za kuzaliwa tulizojaribu zote zilikataa. Nilitaka kusikia sauti yake iliyorekodiwa humo tu, basi. Nikampigia Yu-chieh, ambaye sasa analinda mtandao wa hospitali Taichung. Akaja, akaishika simu, akaitazama.

"Unaweza kuifungua?" nikamwuliza.

"Naweza, mama mdogo."

"Basi fungua, mwanangu."

Akaanza kulia. "Hakuniruhusu. Angetaka ifunguliwe angetuandikia, mkono ulikuwa bado unaandika. Mama mdogo, nisamehe. Siwezi kumfanyia hivyo mwalimu."

Hasira ilinipanda, na haijaisha yote. Lakini nilimtazama Yu-chieh, nikaona dada hakutupa ukuu wa idara bure.

Marehemu ameacha mume, bwana Lai Chin-sheng. Mwana, Lai Po-wei, na mkewe. Mjukuu mmoja, Lai Yun-an. Mimi mdogo wake. Na Yen Yu-chieh, ambaye kwa kauli moja ya familia amevaa leo nguo za msiba za mtoto wa kumzaa. Simu iko pale mezani karibu na ubani. Inaendelea kuwaka kila mwanafunzi anapotuma salamu. Naomba asiiguse mtu.

Lala dada yangu, utulie. Vyako ni vyako.