Jiko Walilonijengea Bila Kuniuliza

Sogeeni, wanangu. Hipolit, acha kulia kwanza, utalia nikishafukiwa. Sasa hivi nayataka masikio yako. Bronka, fungua hilo dirisha hata kama theluji inaingia, maana chumba hiki bado nakiogopa. Daktari amesema moyo wangu hautafika mbali, na nimemwamini kwa sababu alisema huku anatazama viatu vyake. Eudokia, jirani yangu, wewe usiondoke, kaa hapo hapo uwe shahidi.

Bado nimepigwa na butwaa, wanangu, na sijui kama itanitoka kabla ya roho. Mimi Apolonia, binti wa fundi Baltazar, ambaye bonde lote la mto huu linaota moto kwenye majiko aliyoyajenga baba yangu na niliyoyajenga mimi kwa mikono hii, nimeuawa na jiko! Tena jiko lililojengwa na watoto wangu, nyumbani kwangu, kwa mapenzi. Yaani nikilisema kwa sauti naona kama nazungumzia mtu mwingine.

Mlinitoa hospitali Jumamosi, mkanifumba macho kwa kitambaa kama bibi harusi, mkanifungulia mlango huu. Nilipofumbua nikakosa pa kushika. Jiko la matofali alilonijengea baba yangu nilipoolewa, lenye kitanda cha joto juu yake ambacho nyote wawili mliugulia surua, halipo! Mahali pake pana hili dude jeupe, vigae vinang'aa, zuri kama keki ya harusi. Nikauliza, uyoga wangu nitaukaushia wapi? Ukanicheka, Hipolit. Ukasema, "Mama nawe! Uyoga siku hizi unauzwa dukani umeshakauka. Tulitaka tu ufurahi." Nami nikanyamaza, kwa kuwa wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Leo nawaambia, wahenga hapo walikosea, au walikuwa hawajawahi kuugua. Mgonjwa aulizwe uji, aulizwe na chumvi, aulizwe na kijiko atakishika kwa mkono gani.

Ikafika Jumapili. Mliwasha moto alfajiri, mkaenda kanisani. Nikabaki nimekaa mbele ya kile kioo cha mlango wa jiko, nikaona makaa bado yana ndimi za buluu. Nyinyi ni watoto wa fundi, mnajua: makaa yenye ndimi za buluu yanatoa sumu isiyo na moshi wala harufu, na dohani isifungwe. Nikaona kile kibati cha kuzibia dohani mmekiacha wazi nusu tu. Nikajisemea kwa jina langu la utotoni, Polka, fungua zaidi usije ukafa kijinga. Nikatafuta mpini, kumbe umefichwa pembeni nyuma ya kigae, nikauvuta. Tangu nikiwa msichana, na kwa kila jiko la bonde hili, ukivuta unafungua, ukisukuma unafunga. Hata kipofu anajua. Nikavuta mpaka mwisho, nikarudi kwenye kiti nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Nilikuwa nimefunga.

Mliugeuza mpini, ukisukuma ndipo unafungua, ili chuma kisionekane na ukuta ubaki safi! Kichwa kikaanza kuniuma taratibu, usingizi ukanijia mtamu, na lau Eudokia asingekuwa wa kanisa lile lingine ambako ibada ilikwisha mapema, mngenikuta nimekauka. Alikuja na kikapu cha mayai, akanichungulia, akavunja lile dirisha jingine kwa kikapu na mayai yake yote, akaniokoa, ila moyo sumu ilikuwa imeshaula. Deni hilo mlilipe, kuku wawili wanaotaga, na msimpe yule mwenye kilema cha mguu mkidhani hataona.

Usiinamishe kichwa, Bronka. Najua mchoro ulikuwa wako. Sikatai kuchora, mwanangu, wala sikatai upya. Mchoro wako ulikuwa na kila kitu isipokuwa mtu. Babu yenu alikuwa akiitwa kujenga jiko, siku ya kwanza hagusi tofali. Anakaa kwenye benchi karibu na mlango, anakula anachopewa, anamtazama mama wa nyumba anavyohangaika, halafu ndipo anaanza kuuliza. Nani anaamka kwanza? Kuni zinaingilia mlango upi? Mbona unainukia upande huo? Watu walimchoka. Kisha anapanga matofali makavu, bila udongo, umbo zima la jiko, anamwambia mama, "Haya, pika." Moto hakuna, chakula hakuna! Kijiji kizima kinajaa dirishani kumcheka mwanamke mzima anayekoroga sufuria tupu.

Kwa Marcela, mke wa mfuga nyuki, baba aligundua jambo kwa njia hiyo hiyo. Kila alipoinua sufuria aliigonga pembe ya jiko, mumewe akasema, "Huyu ni mzembe wa kuzaliwa, fundi, wewe jenga tu." Baba akamuuliza Marcela mwenyewe. Ikaja kujulikana kwamba mkono wake wa kulia haupandi juu ya bega tangu farasi alipomwangusha, na kwa aibu hakuwahi kumwambia mtu. Baba akabomoa umbo, akaligeuza jiko zima, akaongeza kibao cha kuegeshea sufuria katikati ya safari ya kuiinua. Kile kibao mnachokiona leo kila nyumba na mnadhani kiliumbwa na Mungu pamoja na miti, kilitoka kwenye bega la Marcela na swali la mtu mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanangu, basi muulize aliyelala.

Sasa mali, haraka, pumzi inanipungukia. Nyumba ni yenu wote wawili, mkigombana ipewe kanisa. Shimo la udongo kando ya mto, ambalo mjomba wenu Klemens alininyang'anya kwa maneno na mimi nikalirudisha kwa maneno makali zaidi, mwacheni naye achimbe. Nimemchukia vya kutosha, hata chuki inachosha. Mwiko wa kujengea wa babu yenu... ngojeni. Maji, Bronka. Kidogo.

Mwiko sitaugawa leo. Utakuwa wa yule atakayelitenda hili ninalolisema sasa, na mkilitenda pamoja, mtajua wenyewe namna ya kuushika. Hipolit, nitazame. Majiko ya namna hii umejenga mangapi tangu mavuno? Usinitajie, nayajua. Mjane Zenobia analo. Mwalimu mstaafu kule darajani analo. Na ile nyumba ya wazee mjini, iliyojaa vikongwe wenye mikono kama yangu, moto wao wa kwanza unawashwa kesho asubuhi. Wote hao, wanangu, watavuta. Nilipozinduka na hilo kunijia kichwani, nilishtuka kuliko nilivyoshtukia kifo changu.

Basi nendeni. Si kesho, sasa. Geuzeni kila mpini, na mkifika msianze na nyundo, kaeni kwanza, mseme, bibi, nionyeshe unavyofunga dohani. Muone mkono wake unakwenda wapi. Chuma kikionekana kionekane.

Mbona mmekaa? Ati mama anakufa. Mama ana Eudokia. Zenobia hana mtu. Nikiwaona hapa mmenizunguka kwa rozari, na kule mtu anavuta mpini, sitawasamehe, na msamaha wa maiti hauombwi mara mbili. Inameni niwashike vichwa. Mungu awape mikono yenye adabu. Awape... awape kuishi na watu wasioogopa kuwajibu. Yaliyotokea Jumapili nimewasamehe, yote, msiyabebe. Msinizike na viatu vipya, vinabana. Haya. Bronka, koti. Barabara inateleza.

Wameondoka? Sijasikia gari. Ah... hilo. Limewaka. Linakwenda.

Unasemaje, Eudokia? Sema tena, masikio... Baridi? Naisikia wapi?

Miguuni. Hapo, mguu wa kushoto. Ndiyo, hapo hapo. Wewe umeniuliza.