Fomu ya Elimu ya Dada Ok-rye

Ndugu waombolezaji, marehemu Pyo Ok-rye alizaliwa tarehe 4 Machi 1953 huko Jangheung, kusini mwa Korea, mtoto wa kwanza wa mkulima wa mpunga, mimi Gil-su, ninayewasomea wasifu huu, nikiwa wa pili na wa mwisho.

Kuhusu elimu, alimaliza shule ya msingi Februari 1966, na watoto wake wameniomba niishie hapo, lakini haki ya Mungu alikuwa wa kwanza darasani, akafaulu kwenda sekondari, baba akasema, “Mtoto wa kike utasoma mpaka lini? Gil-su ndiye atakayetuinua,” akapelekwa Seoul kushona mashati kiwandani, na mshahara wake ukanisomesha mimi mpaka nikawa mwalimu.

Tarehe 10 Oktoba 1976 alifunga ndoa na marehemu Cha Yong-bae, fundi bomba, wakaishi Incheon, wakajaliwa Du-ho na Eun-suk.

Machi 1987, Du-ho akiwa darasa la tatu, shule ilileta fomu inayouliza elimu ya wazazi, dada akanipigia simu, “Gil-su, wewe si ndiye mwalimu? Hapa pa mama nijaze nini?” Nikamjibu, “Jaza ukweli, dada, ni karatasi tu hiyo.” Karatasi tu! Nilimdanganya, kwani wiki ileile nilikuwa nimezipanga fomu za darasa langu mwenyewe, watoto wa madaktari juu, wa washonaji chini, na viranja nikawachagua kutoka juu. Dada akajaza ukweli, na Du-ho aliniambia siku ya harusi yake, “Mjomba, mimi darasani nilikuwa kama dawati, mwalimu hakuniona.” Leo yuko kiwandani, wanangu wawili ni mawakili, na msiniambie ni bahati.

Novemba 2022 dada aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akafariki tarehe 17 Mei 2023, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na kina mama walioshona naye, ambao tangu juzi wanatupikia supu.

Du-ho, mpwa wangu, nafasi ya kubeba jeneza mbele nimepewa mimi kwa sababu ya umri na cheo, na mbele ya watu hawa nasema nisamehe, ila kama moyo wako unakataa, mpe mtu mwingine, mimi nitafuata nyuma.

Dada, umechoka, pumzika.