Tulivyowavuta Wafaransa wa Saint-Vaurin

Bisha. Bisha tu, maana hata mimi ningebisha kama nisingekuwapo. Marlscombe yetu, kijiji cha Uingereza ambacho timu yake ya kriketi iliwahi kupigwa na wauguzi wastaafu, imewavuta Wafaransa wa Saint-Vaurin kwenye kamba. Kwao. Mbele ya mama zao. Na aliyekaa mkiani, kamba imemzunguka kiunoni, ndiye huyu anayekuandikia, ambaye mwalimu mkuu alimwambia akiacha shule hatafika popote. Nimefika Ufaransa, mwalimu. Tangu vijiji hivi viwili viunge undugu, kabla sijazaliwa, mashindano ya kuvuta kamba yana sharti moja: mshindi hulala na kamba, na aliyeshindwa ndiye anayefunga safari mwaka unaofuata kwenda kuigombania. Sisi tulikuwa tunashindwa kila mara, kwa hiyo wasafiri ni sisi kila mara, na wazee wamechoka. Kamati ikakata shauri: tukipigwa na safari hii, basi, undugu umekwisha, na kile kibao chenye jina lao pale mwanzo wa kijiji king'olewe. Jumatatu asubuhi ndiyo tumerudi, tumejazana kijiweni, benchi la mbele ya duka la mikate lililofungwa. Kando limeegeshwa gari la kahawa la Nerys, dada wa Wales aliyehamia wiki iliyopita. Mimi hapo naitwa Redio. Sababu utaiona.

Bi Hilary ndiye katibu wa kamati, tunamwita Bi Katibu. Akaanza yeye.

— Siri ya ushindi ni chakula. Wenzetu walikula sahani saba mchana ule. Sisi tulijizuia.

— Tulijizuia nani? Injini akamdaka. Huyu ni mzee Clifford, dereva wa basi letu. — Wewe Bi Hilary nilikuona unarudia jibini.

— Nilikuwa naipunguza akiba ya adui. Si wanasema haba na haba hujaza kibaba?

— Kibaba chenyewe kimejaa, tunakiona.

Daktari akakohoa. Huyu ni Desmond wetu, fundi wa kupiga lipu, ila hakuna ugonjwa asioujua, wala mgonjwa aliyewahi kumponya.

— Chakula hakihusiki. Hii ni damu. Mwingereza ananyeshewa tangu tumboni, misuli yake inanywa maji kama sponji. Wale jua limewakausha. Ndiyo maana wahenga wakasema mchuma janga hula na wa kwao.

— Daktari, jua si lilituwakia wote? Bi Katibu akauliza.

— Lilituwakia wote. Lakini sisi tulikuwa na akiba ya mvua.

— Nyamazeni mfundishwe, Injini akasema. — Mimi nimepitisha basi lile njia ile miaka na miaka. Mafuta ya kwenda na mafuta ya kurudi hayalingani. Kwa nini? Dunia imeinama. Kutoka kwao kuja kwetu ni mteremko. Nikawapanga upande wa kaskazini makusudi. Hamkuvuta chochote nyie, mlikuwa mnateremka kwenu.

— Mzee wangu, uwanja ule uko bapa kama meza, Daktari akasema.

— Kwa macho. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na gurudumu.

Hapo nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nashiriki dhambi.

— Acheni fizikia, wazee. Mkiani mlikuwa na nani? Mlikuwa na mimi. Nilizamisha visigino mpaka nikasikia harufu ya viazi vya mwakani.

— Wewe? Bi Katibu akanipima juu mpaka chini. — Wewe mjukuu wa Edna? Juzi si umeshindwa kufungua chupa ya achari ya bibi yako?

— Ile chupa aliifunga marehemu babu. Huwezi kushindana na marehemu, Bi Katibu. Hana haraka.

Hata Daktari alicheka, kahawa ikamtoka puani. Bi Katibu hakucheka. Alikuwa anafuta miwani, na haikuwa na uchafu.

— Mnajua nilikuwa na hotuba ya kuvunja kamati? Tayari kabisa, kwenye mkoba. Nikaitumia kufungia jibini wakati wa kurudi.

— Ile ile jibini ya adui?

— Ile ile. Mwakani wao ndio watakuja. Watoto wa kule hawajawahi kuiona Marlscombe, mnanielewa? Wanasikia tu jina. Sasa watalala vitandani kwetu.

— Kibao kinabaki, Daktari akasema. — Rangi nitakipaka mimi. Bure.

— Wekeni alama kwenye kalenda, Injini akasema. — Neno hilo hajawahi kulitamka.

— Nitawapikia pudini yangu, akasema Bi Katibu.

— Basi nitaliacha basi linanguruma, wasipate shida ya kuondoka, Injini akasema.

Tulikuwa tumevimba vifua, benchi linalia. Mpita njia angedhani tumeikomboa nchi. Nerys akatoa kichwa kwenye dirisha la gari lake.

— Basi nionyesheni na mimi huo ushindi.

Injini akampa simu, picha ya timu zote mbili ikiwa wazi. Nerys akaitazama, akafuta kioo kwa aproni, akaitazama tena.

— Hawa wenye sura za watu waliofungiwa nje kwenye mvua, ni akina nani?

— Ndio sisi, Injini akasema kwa fahari. — Washindi.

— Na hawa wa huku?

— Hao ndio tuliowavuta.

— Mbona ndio wanaocheka?

Injini akaipokea simu, akaitazama picha kama ndiyo kwanza anaiona. Bi Katibu akasema ni adabu zao, akaanza tena kufuta miwani. Kila mtu akageukia kikombe chake.

— Redio imezimika, Injini akasema.

— Betri, nikamjibu.

Wao sikuwaambia. Wewe nakuambia, kwa sababu hunijui na huwezi kunicheka mtaani. Yule pande la mtu aliye mkiani kwao, anayecheka kuliko wote, ni Anselme. Anatengeneza pombe ya matofaa, na ndiye niliyelala kwake. Asubuhi ya mashindano tulikuwa mezani wawili tu, kahawa kwenye mabakuli. Kifaransa sijui, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Nikalaza kisu, ndiyo kamba. Maganda ya mkate huku sisi, kule wao. Nikavuta, upande wetu ukashinda. Halafu nikapanga vibonge vya sukari, basi lao, nikamwaga maziwa kidogo yawe bahari, nikalivusha hadi kwangu. Nikarudisha kila kitu. Safari hii nikavuta, wao wakashinda, kisha nikapitisha mkono mezani, ndiyo mwisho wa undugu, maganda na sukari vyote chini, mbwa akaanza kujihudumia. Nikasema tafadhali, kwa lile neno lao moja ninalolijua. Mimi, ambaye hata mwalimu mkuu sikumbembeleza.

Anselme akainama, akamsukuma mbwa, akaokota vibonge kimoja kimoja, akavipanga upya upande wake. Kisha akaanza kuvisogeza kwa kidole, polepole, kupita kwenye maziwa, vinalowa na kumomonyoka, mpaka kile cha mbele kikagusa bakuli langu.